Kitabu cha Umeme Hupimwa Chini ya Jedwali

Chukua kitabu chochote cha ufungaji wa umeme, fungua jedwali la nyaya, kisha namba zenyewe ziache kwanza. Shuka hadi chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo wengi huyaruka kama masharti ya bahati nasibu. Hapo ndipo kitabu kinapojieleza: namba zimepatikana kwenye joto la nyuzi ngapi, waya ukiwa ndani ya bomba au umebanwa wazi ukutani, saketi ngapi zimelala pamoja, ganda la waya ni la aina gani. Kitabu chenye majedwali yasiyo na maelezo hayo si kitabu cha rejea, hata kiwe na kurasa elfu na jalada gumu. Na fundi wa Mtwara au Lindi ana sababu kubwa ya kuyasoma kuliko fundi wa Manchester, kwa kuwa vingi kati ya vitabu vinavyotufikia viliandikwa vikimfikiria fundi wa Manchester.

Tuanze na waya unaouzwa kila duka la vifaa: shaba ya 2.5 mm² yenye ganda la PVC. Ukiwa ndani ya bomba, majedwali ya kanuni za Uingereza, BS 7671, yanaupa ampia 24. Shuka chini: joto la mazingira nyuzi 30. Mchana wa Novemba pale Lindi nyuzi 30 unazipata kivulini, na darini chini ya bati joto hupanda hadi 50 bila taabu. Kitabu kizuri kina jedwali la pili, la kupunguzia, na kwa nyuzi 50 kinakupa 0.71. Zile 24 zimeshakuwa 17. Kama fundi amepitisha saketi tatu kwenye bomba hilohilo ili kuokoa bomba, kuna jedwali la tatu linalosema 0.70, nawe unabaki na ampia zisizofika 12. Waya huo umekingwa kwa breka ya 20. Mzigo wa ampia 18 ukikaa saa nzima breka haitaruka, kwa sababu haina sababu ya kuruka; kinachopikika ni ganda la waya. Linakauka, linapasuka penye kona, na baada ya miaka kadhaa mwenye nyumba anasema umeme wake unanuka. Lawama zote hupewa waya feki. Feki zipo, tena tele, lakini waya halisi nao huungua ukibebeshwa kwa hesabu ya jedwali moja badala ya matatu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kitabu ni hiki: je, majedwali haya matatu yapo, na yamewekwa karibu karibu kiasi kwamba mtu aliye juu ya ngazi atayapata bila kupekua sura nne? Vitabu vingi vya darasani vina la kwanza tu. Hilo si kosa la mwandishi. Aliandika kitabu cha kufundishia, na kitabu cha kufundishia kinaeleza kwa nini waya hupata joto. Cha rejea kinakwambia ununue waya gani kesho asubuhi. Mtu anayenunua cha kwanza akitarajia kazi ya cha pili atakilaumu bure.

Kipimo cha pili ni kwenda kwenye kitabu na swali ambalo jibu lake unalijua. Chukua karakana ya seremala Newala, mita 60 kutoka kwenye mita ya Luku, mzigo wa ampia 20, volti 230. Ukiuliza kwa mazoea utaambiwa 4 mm² inatosha, maana ndani ya bomba inabeba ampia 32. Sasa tafuta kwenye kitabu safu ya kupungua kwa volti. Kwa 4 mm² ni milivolti 11 kwa kila ampia kwa kila mita: 11 mara 20 mara 60, yaani volti 13.2. Kikomo cha matumizi yasiyo ya taa ni asilimia 5, na asilimia 5 ya 230 ni volti 11.5. Imekataa. Panda hadi 6 mm², yenye milivolti 7.3: unapata volti 8.8, na karakana inapona. Kitabu kinachokufikisha kwenye jibu hilo kwa dakika tano ni cha kununua. Kinachokupa fomula ya ukinzani wa shaba na kukuacha ujitafutie kinafaa, ila si kwa mtu ambaye mteja wake amesimama pembeni anatazama saa.

Swali la erthi, njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ndilo linalovifanya vitabu vya Uingereza vitupotoshe hata vinapokuwa sahihi kabisa. Kule nyumba nyingi hupewa erthi na shirika la umeme kupitia kebo yenyewe, na ukinzani wa mzunguko wote wa hitilafu huwa mdogo. Ndiyo maana kitabu kinakwambia kwamba kwa breka ya aina B ya ampia 32, ukinzani huo usizidi omu 1.37. Huku kwetu nyumba nyingi zinategemea erthi rodi iliyopigwa chini kando ya ukuta. Rodi ya mita 1.2 yenye kipenyo cha milimita 16, katika udongo wenye ukinzani wa omu-mita 100, inatoa takriban omu 72. Mchanga mkavu wa pwani unaweza kufika omu-mita 1,000, na hapo rodi ileile inakaribia omu 700. Hata tukichukua ile nzuri: 230 gawanya kwa 72 ni ampia 3.2. Breka ya B 32 inahitaji hadi ampia 160 ili iruke papo hapo. Fezi, yaani waya wenye umeme, ikigusa bodi ya friji, ampia 3 zinatiririka ardhini siku nzima, breka imetulia, na bodi ya friji ina volti karibu zote.

Dawa yake ni RCD ya miliampia 30, breka inayokata mara umeme unapovuja kwenda ardhini, na hesabu yake ni nyepesi: volti 50 gawanya kwa 0.03 ni omu 1,667, ingawa rodi inayozidi omu 200 haiaminiki, kwa kuwa udongo ukikauka kiangazi namba hupanda. Haya yote yamo kwenye vitabu vya Uingereza, chini ya mfumo unaoitwa TT. Tatizo ni kwamba huwa ni kurasa chache nyuma, kwa vile kwao si mfumo wa nyumba nyingi. Basi ukiwa dukani, fungua faharasa, tafuta TT. Ikikupeleka kwenye mstari mmoja wa maelezo, kitabu hicho kiache. Ikikupeleka kwenye sehemu yenye hesabu ya rodi na uchaguzi wa RCD, endelea kukikagua. Na kama kitabu hakina faharasa kabisa, huna haja ya kukagua kingine chochote, kirudishe rafuni.

Kwa watu wa mota, iwe mashine za kusaga, viwanda vya kubangulia korosho au pampu za kupandisha maji kwenye nyanda za juu za Makonde, swali la kupimia kitabu ni moja tu: ovalodi, relei inayokata mota ikivuta ampia kupita kiasi, inasetiwa ngapi kwenye sta-delta, ule mfumo wa kuwasha mota kwa muungo wa nyota kisha kuihamishia kwenye delta? Mota ya fezi tatu ya kilowati 7.5 kwenye volti 400 inavuta takriban ampia 15. Kama relei ya ovalodi imefungwa kwenye njia kuu inayoingia, inasetiwa 15. Kama imefungwa chini ya kontakta kuu, ndani ya delta, inayopita pale ni 0.58 ya ampia hizo, yaani 8.7. Vitabu vingi huchora mchoro wa sta-delta vizuri sana, mishale na rangi, kisha vinanyamaza kuhusu hili. Fundi anasoma 15 kwenye kibati cha mota, anaweka 15 kwenye relei iliyo ndani ya delta, na mota imebaki bila ulinzi. Siku fezi moja ikikatika au beringi ikikwama, relei inasubiri ampia ambazo hazitafika mpaka waya za ndani ziwe nyeusi. Mwandishi aliyeandika 0.58 na kuonyesha relei imekaa wapi ameshika mota kwa mikono yake. Mwamini huyo hata kwenye sura nyingine.

Sasa Marekani. Vitabu vyao vimeandikwa vizuri, vina picha safi, na kwa kuwa vingi vinapatikana bure mtandaoni ndivyo vinavyojaa kwenye simu za wanafunzi wa VETA na vyuo. Fizikia yao ni ileile yetu. Namba zao siyo. Wao wana volti 120 na hezi 60. Mota ya poli nne kwao ina kasi ya uga ya mizunguko 1,800 kwa dakika, kwetu 1,500, na puli ya mashine ya kusaga ikipigiwa hesabu ya kwao inazunguka polepole. Transfoma ikisukwa kwa hesabu ya hezi 60 inapata mizunguko ya waya pungufu kwa karibu asilimia 17. Ukiiwasha kwenye hezi 50 chuma chake kinashiba sumaku, inanguruma na kuchemka bila hata mzigo. Kwenye ukurasa wa kutengeneza pawa saplai wanaandika kwamba kapasita kubwa baada ya dayodi inasoma volti 170. Kwetu ile ya televisheni inasoma 325, maana ni 230 mara 1.414. Kijana anayeamini kitabu atadhani mita yake imeharibika. Anayekiamini zaidi ataweka kapasita ya volti 200 mahali pa 400, na hiyo haingoji kupoa, inapasuka usoni.

Unene wa waya ni mtego mwingine, na ndio unaowatesa wasukaji wa mota. Waya za kusukia tulizozoea huitwa kwa namba za SWG, za Kiingereza. Vitabu vya Marekani vinatumia AWG. Namba zinafanana, waya hazifanani: namba 20 ya SWG ina kipenyo cha milimita 0.914, namba 20 ya AWG ni 0.812. Kwa eneo la shaba tofauti ni zaidi ya asilimia 20. Ukisoma 20 kwenye jedwali moja na kununua 20 ya lile jingine, mota ama itachemka, ama waya hazitaingia kwenye nafasi za chuma. Kitabu cha msukaji lazima kitaje milimita pembeni ya namba, na micromita ya dukani ndiyo hakimu.

Rangi nazo zina tarehe. Kitabu cha zamani cha Uingereza, na vya India mpaka leo, vinatumia nyekundu, njano na bluu kwa fezi tatu, nyeusi kwa nyutro, waya wa kurudishia umeme. Uingereza ilihamia rangi za Ulaya kuanzia 2004 na kuzifanya za lazima 2006: kahawia, nyeusi, kijivu, na bluu kwa nyutro. Ona kilichotokea: nyeusi iliyokuwa nyutro imekuwa fezi, bluu iliyokuwa fezi imekuwa nyutro. Katika majengo yetu mifumo yote miwili ipo, mara nyingine ndani ya boksi moja. Ndiyo sababu mwaka wa chapa ni wa kutazamwa kabla ya jina la mwandishi. Kitabu cha ufungaji cha 1998 kinaweza kuwa na maelezo matamu kuliko cha leo, lakini nyutro yake ni fezi ya mtu mwingine. Kitabu cha nadharia cha 1970, kwa upande mwingine, hakijachacha hata kidogo. Sheria ya Ohm haina toleo la pili.

Kwenye elektroniki umri wa kitabu unaonekana kwenye vipuri vyake. Kikiwa kinafundisha kila kitu kwa 741, IC ya kukuzia ishara iliyotoka 1968, msomaji atajifunza nadharia sawasawa, kisha ataiunganisha kwenye bodi ya volti 5 na kushangaa haifanyi kazi. 741 ilizoea volti 15 juu na 15 chini, na haikaribii mwisho wa saplai yake. LM358, IC ya kazi hiyohiyo, inakubali saplai moja kuanzia volti 3, ingawa nayo kwa juu inabaki nyuma kwa takriban volti 1.5. Kitabu kinachosema hivyo, na kuongeza kwamba 7805, IC ya kushusha volti hadi 5, ikipewa volti 12 na kutoa ampia 1 inatupa wati 7 za joto na lazima iwe na kipoza joto, kimeandikwa na mtu aliyewahi kuunguza kidole.

Kimoja cha namna hiyo ni The Art of Electronics cha Horowitz na Hill. Toleo la kwanza ni la 1980, la pili 1989, la tatu 2015. Nguvu yake ni majedwali ya vipuri halisi na sababu za kuchagua hiki badala ya kile. Ila si kitabu cha kuanzia, anayeanza atazama. Na la pili, linalouzwa kwa bei nafuu kama limetumika, limepitwa na robo karne ya vipuri, hivyo lisome kwa fikra, si kwa orodha ya ununuzi. Kwa wanafunzi, Theraja ya India, A Textbook of Electrical Technology, imeshika vyuo vyetu kwa sababu ya wazi: juzuu nne, maswali yaliyokokotolewa kwa mamia, na India ni nchi ya hezi 50 kama sisi. Kwa mtihani haina mpinzani. Kwa kuchagua breka au kupima rodi, tafuta pengine.

Pengine penyewe, kwa anayefunga majumba na kuiwazia leseni ya EWURA, mdhibiti wetu wa nishati na maji, ni On-Site Guide ya IET, chama cha wahandisi cha Uingereza, kijitabu kinachoingia kwenye begi la vifaa, badala ya BS 7671 yenyewe ambayo ni ghali na imeandikwa kwa lugha ya mawakili. Hakikisha kinafuata toleo la 18, la 2018, pamoja na marekebisho yake ya karibuni zaidi. Pembeni yake weka mwongozo wa ufungaji wa kampuni ya Schneider, unaosomwa bure mtandaoni, unaofuata kanuni za kimataifa za IEC na kuueleza mfumo wa TT kwa kirefu kuliko vitabu vingi vya kulipia. Ni kweli kampuni inauza breka zake humo ndani. Ukurasa wa bidhaa unajulikana, uruke.

Vya bure vya Marekani visitupwe, visomwe kwa tahadhari moja. Lessons in Electric Circuits cha Kuphaldt, juzuu sita, na mfululizo wa mafunzo wa jeshi lao la majini vinaeleza kwa upole ambao vitabu vya chuo havina. Lakini matoleo yao ya awali yanafuata elektroni: mkondo unachorwa ukitoka hasi kwenda chanya. Mshale wa dayodi na wa transista umechorwa kwa desturi ya upande wa pili. Mwanafunzi asiyeambiwa hili anachanganyikiwa wiki mbili nzima na kujiona mjinga.

Kwa vijana wanaolenga kazi kwenye mitambo ya gesi, Madimba au Songo Songo, kuna neno moja la kutafuta kwenye faharasa: IEC 60079, kanuni za vifaa vya umeme mahali penye gesi inayoweza kulipuka, zinazogawa eneo katika zoni 0, 1 na 2. Kitabu kinachotaja divisheni peke yake kinafuata mgawanyo wa zamani wa Marekani.

Sola inahitaji jicho la namna hiyo. Kitabu cha kabla ya betri za lithiamu kuenea kitakupa chaji ya volti 14.4 kwa betri ya asidi ya volti 12, na maelezo madogo yatasema ni kwenye nyuzi 25. Betri ya asidi iliyokaa kwenye chumba cha nyuzi 35 inatakiwa ishushiwe chaji kwa takriban volti 0.2 hadi 0.3, la sivyo inachemsha maji yake. Lithiamu haifuati kanuni hiyo, na kitabu kisichotenganisha hizi mbili kitaua mojawapo.

Limebaki suala la fotokopi, kwa maana tukubali kwamba sehemu kubwa ya vitabu hivi inasomwa kwa kurasa zilizochapwa stesheneri kutoka kwenye faili la simu. Haki za mwandishi ni mjadala wake. Hapa tuzungumzie nukta. Mashine iliyochoka wino hula nukta ya desimali na kufuta mkia wa alama ya maikro, na kapasita ya maikrofaradi 10 inaonekana kama kitu kingine kabisa. Kabla ya kulipia kurasa za majedwali, pitisha kidole kwenye safu ya kupungua kwa volti, kuanzia 1.5 mm² hadi 16 mm². Lazima namba zishuke kadiri waya unavyonenepa: 29, 18, 11, 7.3, 4.4, 2.8. Ukikuta 73 katikati, mwombe mwenye duka abadili wino, achape upya.